Muhuri wa Ukoo wa Fundi Springi

Jina la Springi hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, na sababu ni makalio yake. Mletee kochi bovu, usimwambie lolote. Atalizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, atajitupa juu yake pwaa, atafumba macho, atayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha atakutolea majibu: "Springi ya tatu kutoka ukingoni imekatika, mkanda wa nyuma umelegea, na hapa katikati kuna mtu mzima alikuwa anarukaruka." Mteja atamtazama mkewe, na mkewe atatazama sakafu.

Sasa mtu wa namna hiyo, anayejua kilichojificha chini ya kitambaa bila kukifunua, utasema hakuna kinachoweza kumpita. Haya, kaa vizuri.

Springi alikuwa na korodani moja. Usishtuke mapema, mshtuko wako uweke, utauhitaji mbele. Upande wa kushoto ulikuwa na mtu, upande wa kulia mfuko mtupu, tangu siku aliyozaliwa. Na wala hakuona haya. Alitembea kifua mbele kama mwenye cheo, kwa sababu baba yake mkubwa alikuwa amemwambia kwamba ni cheo.

Huyo baba mkubwa alikuwa kinyozi, saluni yake imepakana ukuta kwa ukuta na karakana ya makochi, na watu walimwita Redio kwa kuwa hazimiki. Baba mzazi wa Springi alikufa Springi akiwa bado anatambaa, na Redio ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka pale kichwa kilipogoma, akamtafutia ufundi. Neno la Redio katika nyumba ile halikurudiwa mara mbili. Na neno lake kubwa lilikuwa hili: "Wanaume wa ukoo wetu tunapigwa muhuri tangu tumboni. Moja ya matumizi, moja ya akiba. Ya akiba inakaa ndani, haioni jua. Babu yenu alikuwa na moja tu huku nje, akazaa mpaka akawa anawaita watoto kwa kuwanyooshea kidole." Wateja wa saluni walicheka hadi kinyozi akalazimika kuinua mashine, asije akakata sikio la mtu.

Ndiyo maana Springi alipopata mtoto wa kiume, na mkewe akamwita kwenye beseni akamwonyesha upande wa kulia mtupu, jamaa hakuuliza swali. Alitoka mbio na shati lililofungwa kifungo kimoja, akaingia saluni: "Baba mkubwa! Muhuri umepigwa!" Redio akazima mashine, jambo ambalo hakulifanya hata umeme ulipokuwa unachezacheza. Watu wakapiga makofi. Aliyekuwa amekaa kwenye kiti na povu kidevuni akapiga makofi pia.

Mkewe hakupiga. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare katika kiwanda, mwanamke wa maneno machache na sindano ndefu. Alikumbuka vizuri alichosema mkunga siku ile ya kujifungua: "Mama, upande huu haijashuka bado. Nyingi hushuka zenyewe miezi ya mwanzo. Ila akifikisha miezi sita hujaiona, mlete, usisubiri."

Miezi sita ikafika. Akamwambia mumewe.

"Hilo ni la kwetu," Springi akamjibu, mdomo umejaa misumari midogo ya kupigilia kitambaa. "Wewe umeolewa tu, huwezi kulielewa."

"Mimi nimeolewa, lakini mtoto sikumuoa. Nimemzaa."

"Ya akiba hiyo, mke wangu."

"Akiba gani isiyojulikana ilipo?"

Springi akapigilia msumari kwa nguvu zaidi, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyokuwa yakiishia siku zote.

Mtoto, ambaye nyumba nzima ilimwita Bwana Mdogo, alipotimiza miezi tisa, ikawa zamu ya chanjo ya surua. Asubuhi hiyo mama mtu akamvisha, akamfunga vizuri, kisha akamkabidhi kwa mumewe badala ya kumbeba.

"Leo utampeleka wewe."

"Mimi? Kule kumejaa kina mama!"

"Ndiyo hao hao. Na nesi akikuuliza jambo, mjibu kwa mdomo wako huo huo."

Ulikuwa mtego, na Springi akaingia mzimamzima.

Nesi wa kliniki alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso muda wote, kana kwamba paji lile ndilo lililokuwa na tatizo la macho. Baada ya chanjo, Bwana Mdogo akilia kama ameonewa na ulimwengu mzima, nesi akasema amwangalie mwili wote. Akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Akamlaza mtoto, akafungua nepi, akapitisha kidole taratibu kutoka kwenye kinena kwenda chini. Akarudia.

"Baba, upande huu wa kulia vipi?"

"Hamna kitu," Springi akajibu, na kifua kikapanda.

"Unasemaje?"

"Iko ndani, ya akiba. Hata mimi ninayo. Ukoo wetu mzima, wanaume wote."

Nakwambia, kliniki ile yenye watoto wanaolia pande zote ilitulia kama imemwagiwa maji. Kina mama kwenye benchi wakageuza shingo kwa pamoja. Miwani ya nesi ikashuka yenyewe kutoka kwenye paji ikaketi puani, na kwa mara ya kwanza yule mama akamwona Springi vizuri.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

"Na hakuna aliyewahi kwenda hospitali?"

"Kufanya nini? Si wazima?"

Nesi akafunga nepi ya mtoto polepole, akamvuta Springi hadi kwenye chumba kidogo cha pembeni, akafunga pazia. "Kaa hapo," akamwambia. Springi akakaa, na hata katika hali ile makalio yake yakamletea taarifa kwamba mguu mmoja wa kiti umelegea skrubu.

Alichoambiwa mle ndani kilimtoa jasho. Kwamba korodani huumbwa tumboni, kisha hushuka kabla mtoto hajazaliwa, ili ikae nje kwenye ubaridi. Kwamba ikibaki ndani inaungua kidogo kidogo kwa joto la mwili, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyoharibika, mbegu zikafa kabla hazijaanza kazi. Kwamba inaweza kujisokota, na siku hiyo mtu hulia kwa maumivu na kutapika, na hapo hakuna kusubiri kesho, ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Na kwamba mwanaume aliyekua nayo ndani ana hatari ya kupata saratani humo kuliko wenzake.

"Saratani?" Springi akanong'ona.

"Sisemi kila mmoja anapata. Wengi hawapati. Lakini hatari ni kubwa kuliko ya mwingine, na mtu hajui kwa sababu hawezi kuishika akaona imebadilika. Mtoto wako alitakiwa kuonwa na daktari wa upasuaji tangu miezi sita. Bado hajachelewa. Akifanyiwa kabla ya mwaka, au ikizidi sana mwaka na nusu, anakuwa mtu kama watu. Ni upasuaji mdogo, mara nyingi siku hiyo hiyo anarudi kulala kwao." Akamtazama juu ya miwani. "Sasa wewe mwenyewe, una umri gani?"

"Thelathini na sita."

Nesi akashusha pumzi, kisha akasema neno moja tu: "Jamani."

Springi alirudi nyumbani akimkumbatia mtoto kama mzigo wa vioo. Njiani akakumbuka kitu cha kazi yake. Mwaka mmoja aliweka sponji mpya juu ya dari ya karakana, karibu na mabati, akijisifu kwamba ameweka akiba mahali salama. Alipokuja kuishusha, ilikuwa na umbo lake lile lile, nzuri kabisa kwa macho. Akaiminya. Ikawa unga mkononi mwake. Akasimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni nyuma yake akamtukana, na hakusikia.

Mkewe hakusema "nilikuambia." Alisema tu, "Lini tunampeleka?"

Na hapo ndipo pagumu. Springi hakuwahi kufanya jambo kubwa bila Redio. Alimwendea saluni, akamweleza kwa sauti ya chini. Redio alizima mashine kwa mara ya pili katika maisha yake.

"Wamfungue mtoto wetu kwa kisu? Wafute muhuri wa ukoo? Labda mimi niwe nimekufa!"

"Lakini baba, nesi amesema..."

"Nesi ni wa ukoo gani?"

Siku zilizofuata Springi alijipiga nyundo kidole gumba mara zisizo na idadi. Alishona kochi la mteja kitambaa ndani nje. Huku mtoto anakua, huku mzee amekataa, na kila alipokaa alijisikia mwenyewe kule kuliani, pale ambapo miaka yote hakujisikia kitu. Mwishowe mkewe akatoa sindano yake ndefu. Alimpelekea habari shangazi.

Shangazi mtu alikuwa dada wa Redio na wa marehemu baba yake Springi, mkubwa kwa Redio, mkubwa kwa kila mtu aliyebaki hai. Alikuja Jumapili mchana kwa miguu yake, akaita kikao sebuleni kwa Redio. Walikaa kwenye makochi aliyotengeneza Springi kwa mkono wake: shangazi kwenye lile refu pamoja na mama mtoto, Springi pembeni amempakata Bwana Mdogo, Redio kwenye kochi lake la peke yake kama hakimu.

"Nasikia kuna muhuri," shangazi akaanza.

"Dada, haya ni mambo ya wanaume," Redio akasema upesi.

"Muhuri gani, wewe?"

"Huu wa ukoo. Wanaume wote wa kwetu tuna moja..."

"Wewe una moja?"

Redio akakohoa. Akatazama dirishani. "Dada, mbele ya mkwe..."

"Mkwe atanisamehe. Mimi nimekuogesha kwenye beseni mpaka ulipoota meno ya pili. Unazo mbili! Zilikuwepo mbili, nilizisugua mbili, na kama moja imepotea, tuambie umeiacha wapi tuitafute!"

Mama mtoto alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Bwana Mdogo, aliyekuwa akitafuna ukingo wa kochi, aliacha kutafuna. Springi akamgeukia baba yake mkubwa, na akasikia, kabla hata ya jibu, springi zilizokuwa chini ya mzee zikilia moja moja, maana mzee alikuwa anajikunja.

"Baba mkubwa. Unazo mbili?"

Redio akajifanya anatafuta kitu chini ya mto wa kochi.

"Baba?"

"Ninazo," Redio akasema kwa sauti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia.

"Na babu?"

"Nani alimchungulia babu!" shangazi akadakia.

"Babu niliongeza," Redio akakiri. "Ili inoge."

Springi alijisikia kama mtu aliyekalia kochi la maisha yake yote, ghafla likamwambia kwamba ndani hakuna fremu. Kumbe ukoo mzima ni yeye! Yeye na huyu mdogo anayetafuna sponji! "Sasa mbona ulisema?" akauliza, na sauti ikapasuka. "Mbona ulinifanya nitembee nikijisifu?"

Redio akajifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa baba yako. Yeye peke yake. Tulikuwa shuleni, tunaoga bombani wavulana wote, wakamwona. Wakampa jina, wakamwita Nusu. Kila kona, Nusu, Nusu. Akawa hataki shule, analala chini ya kitanda. Mdogo wangu yule, ningefanya nini? Nikasimama bombani nikawaambia nyie washamba hamjui kitu, huo ni muhuri wetu, hata mimi ninao, hata baba anao. Wakaacha. Na wengine wakaanza kumwonea wivu. Basi tangu siku hiyo sijavua nguo mbele ya mwanaume."

Springi akakumbuka. Miaka yote baba mkubwa alioga na kaptula. Alidhani ni heshima.

Kisha likamjia swali lingine, na alitamani asiliulize. "Baba alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Tumbo," Redio akasema haraka. "Siku zote tumekwambia, tumbo."

Shangazi alikunja upindo wa khanga yake, akaukunjua. "Halikuanza tumbo," akasema. "Lilianza hapa." Akagusa juu ya khanga, pale kwenye mkunjo wa paja. "Uvimbe. Tukasema ngiri hiyo. Tukamwambia nenda hospitali, akawa anaona haya kufunua. Nani amfunulie daktari, amwone Nusu? Alipokubali, uvimbe ulikuwa umeshapanda tumboni. Alikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo."

Mkono wa Springi ulishuka wenyewe mpaka kwenye kinena chake, mbele ya shangazi, mbele ya mkewe, na hakuna aliyecheka. Alimtazama mtoto. Mtoto akamcheka kwa meno mawili.

Redio alikuwa amezimika kabisa. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu alizozitunza kama bustani. Baadaye akasimama, akavaa kofia.

"Twende."

"Leo Jumapili, baba."

"Basi kesho. Nafunga saluni."

Na alifunga kweli. Wateja walikuta kufuli, wakadhani amekufa.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mwembamba, wa maneno ya taratibu. Redio ndiye aliyewasukuma wote wawili ndani. "Daktari, huyu mtoto. Na huyu baba yake. Usimwachie hata mmoja." Ya Bwana Mdogo ilipatikana kwenye kinena, karibu kabisa kufika, kama abiria aliyelala kituo kimoja kabla ya chake. Daktari akapanga siku. Kisha akamgeukia mkubwa, akamwambia afunue, akambonyeza, akauliza habari za baba yake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kilichomuua baba yako siwezi kukijua leo, hakikupimwa," akasema. "Lakini kwa habari hii sikuruhusu utoke hivi hivi."

Springi alipakwa dawa ya baridi kama uji, akapimwa kwa ultrasaundi. Kiini kidogo kikaonekana kimejibanza ndani, kimesinyaa kama harage la mwaka juzi. Hakikuwa na uvimbe. Ila kwa umri wake, daktari akasema, hakuna faida ya kukishusha, bora kitolewe.

"Niitoe akiba yote?" Springi akaropoka, bado amejilaza.

"Akiba hii haijawahi kukusaidia siku hata moja. Mtoto umempata kwa hii nyingine. Hiyo ndiyo ya kutunza. Kila mwezi, ukiwa umeoga maji ya moto, ishike, ipapase. Ukikuta kigumu, au imevimba, au inakuwa nzito, njoo. Usisubiri iume."

"Kupapasa ndiyo kazi yangu," Springi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kliniki akatabasamu.

Siku ya Bwana Mdogo walikaa kwenye korido, watu wazima wanne wanatazama mlango mmoja. Redio hakusema neno. Mlango ulipofunguka, mtoto alikuwa amelegea kwa nusukaputi, kidonda kidogo kwenye kinena na kingine chini, na jioni akawa yuko kwao anapiga sufuria kwa kijiko. Kidonda kilipopona, mama mtu akamwita mumewe kwenye beseni kama ile siku ya kwanza. Springi akachuchumaa. Akatazama. Akamtazama mkewe, akatazama tena.

"Mbili," akasema, kama mtu aliyeona gari linaruka. "Mke wangu, ziko mbili!"

"Ndivyo zinavyokuwaga," mkewe akamjibu.

Zamu yake mwenyewe ilikuja baadaye. Kile kiini kikatolewa, kikapimwa, majibu yakarudi safi. Springi aliposikia neno hilo alikalia kochi la mteja bila kulikagua, akakaa tu, kama mtu yeyote.

Na Redio? Redio amerudi hewani. Siku ya kwanza alifungua saluni, akamkalisha kijana mmoja kwenye kiti, akamnyoa upande wa kushoto, halafu akazima mashine.

"Una mtoto wa kiume, wewe?"

"Ninaye, ana mwaka."

"Korodani zake ziko ngapi?"

"Aisee, mzee! Nitajuaje?"

"Hujui? Baba mzima hujui? Nenda kamwangalie. Umwogeshe maji ya uvuguvugu, umtazame, kisha urudi."

"Ninyoe kwanza nimalize!"

"Nenda."

Kutoka karakana ya jirani Springi alisikia kiti kikisukumwa, na nyayo za mtu anayetembea upesi asionekane. Kijana alirudi amembeba mtoto. Moja ipo, moja ilikuwepo wakati wa kuoga ila sasa imepanda. Redio akamwelekeza kliniki, akakataa kugusa kichwa chake mpaka arudi na jibu. Jibu lilikuwa jema: ile ya kupanda kwenye baridi na kushuka kwenye joto haina shida kubwa, ila mtoto aangaliwe kila mwaka mpaka akue, isije siku moja ikakataa kushuka.

Sasa imekuwa desturi ya saluni ile. Na yule nesi, kule kliniki, akimwona mwanaume anaingia amebeba mtoto, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine una nywele, hamuulizi tena ametumwa na nani. Anateremsha miwani, anasugua viganja vyake vipate joto.